Vidonge Vinne kwa Watu Wawili

Mimi ni mwinjilisti. Kwa miaka sita nilihubiri kwamba Mungu ndiye anayetawala kila kitu, kabla sijaumwa chochote kikubwa zaidi ya jino. Nilihubiri vizuri, nadhani, maana kina mama walikuwa wanalia. Nilitembea kwa miguu boma hadi boma huku kwetu Endulen, nikiwaambia waliofiwa na waliopoteza ng'ombe kwa ukame kwamba wasiogope, yupo anayejua. Sikuwa nasema uongo. Ila nilikuwa naeleza habari za nchi ambayo sijawahi kufika.

Sasa nimefika huko na nimerudi. Nesi aliyenihudumia ameniomba niandike, kwa sababu anasema watu wanaokuja kuchukua dawa za kifua kikuu wanamwona yeye kama askari, labda mimi watanisikiliza. Sitaeleza wadudu wanavyokula mapafu. Hayo waulizwe waliosoma. Nitaeleza nilivyoishi, na kosa nililofanya nikidhani ni imani.

Kilianza kama kikohozi cha mwezi wa sita, wakati ukungu unashuka kila asubuhi na huku kila mtu anakohoa. Mama yangu alisema ni moshi. Mimi nilisema ni vumbi la safari. Mwezi wa saba ukungu uliondoka, kikohozi kikabaki. Nikaanza kuamka shuka imelowa jasho wakati nje kuna baridi ya kutosha. Mkanda nikautoboa tundu jipya, kisha jingine. Kanisani ikabidi nipumzike katikati ya sentensi, nimeshika meza, na waumini wakadhani nimeguswa na Roho. Jumapili moja walisimama wakaanza kuimba kunisaidia kumtukuza Mungu, kumbe mimi natafuta pumzi.

Mke wangu, Namnyak, ndiye aliyeona damu kwenye kitambaa. Alikunja nguo zangu mbili, akaziweka kwenye begi, akaliweka mlangoni.

Nilipigwa picha ya kifua Karatu. Mtu akikuambia ugonjwa ni maumivu, mwambie ugonjwa ni kusubiri. Nilikaa kwenye korido siku mbili, nimevaa barakoa, na kila nilipokohoa watu walisogea kidogo, kwa adabu, kama wanaojinyoosha tu. Upande wangu wa benchi ukawa mtupu. Nje yalipita magari ya watalii yakienda kuangalia kreta, mimi nikawa nayahesabu ili nisifikiri. Jibu lilipokuja daktari alilisema kwa sauti ndogo, nikamshukuru kwa hiyo sauti ndogo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Nilirudishwa kuanzia dawa kwenye hospitali ya misheni karibu na nyumbani. Huko ndiko nilikokutana na Nesi Paulina. Ni Mwiraqw, mkulima wa Ganako kwa asili, mama wa makamo mwenye mkono mzito na maneno mafupi. Alinipandisha kwenye mzani. Nilikuwa na kilo sitini na nane mwaka uliopita. Siku ile nilikuwa na hamsini na sita. Akanipa vidonge vinne, nimeze vyote vinne kila asubuhi kabla ya kula, kwa miezi miwili, halafu tupime tena, halafu miezi minne mingine. Alinionya mkojo utakuwa mwekundu na nisiogope. Halafu akauliza ni nani atakayenitazama nikimeza kila siku.

Nikasema Saning'o.

Lazima nimweleze Saning'o hapa. Tulitahiriwa msimu mmoja. Mimi nilipelekwa shule, yeye akabakishwa na ng'ombe, lakini tulikuwa morani pamoja, na kwetu morani hanywi maziwa peke yake. Ukiwa na njaa ya siku mbili na kibuyu kimejaa, unamsubiri mwenzako wa rika afike, au unalala na njaa. Tulishaoa, tulishakuwa baba wa watu, lakini tabia ile haikututoka. Mke wangu aliwahi kunitania kwamba chakula chake kinapita kooni kwangu ikiwa tu Saning'o amekaa mbele yangu. Saning'o hakubatizwa. Alikuwa ananisikiliza nikihubiri, ananipongeza kwa sauti nzuri, kisha anarudi kwenye ng'ombe wake na kumwomba Engai, ndivyo Wamaasai tunavyomwita Mungu, kwa namna ya baba yake.

Nesi Paulina alifurahi kusikia kuna mtu wa uhakika kiasi hicho. Akaliandika jina lake kwenye kadi.

Miezi ile ya kwanza nyumbani ilikuwa migumu kwa sababu ambazo hakuna aliyenionya. Dawa zilinikorogea tumbo na viungo vikauma kama vya mzee. Namnyak na binti yetu Nashipai walihamia kulala kwa mama yangu. Nyumba zetu, anayezijua anajua, ni za udongo na samadi na hazina dirisha, na nesi alikuwa amesema hewa ipite. Basi Namnyak alichukua panga akatoboa ukuta kwa mikono yake, upande wa jua. Mama yangu alinuna wiki nzima. Alisema mkwe wake anabomoa nyumba mume akiwa bado hai. Wanawake wawili wale wakawa wanapitana uani bila salamu, na mimi ndani, nimelala, nasikia jinsi wasivyosalimiana. Lakini mwanga ukaingia. Nashipai, ambaye alikuwa na miaka mitatu, alikuja kusimama nje ya lile tundu na kunionyesha vitu: jiwe, kiatu, mtoto wa mbuzi aliyemshika vibaya. Alikuwa ameambiwa asiingie, naye hakuingia, na hilo liliniuma kuliko mbavu.

Kila asubuhi, baada ya kukamua, Saning'o alikuja. Nilimeza, akatazama, tukanywa uji wa mahindi ya Karatu, maana sisi huku hifadhini haturuhusiwi kulima.

Wiki ya tatu akaanza kukohoa. Nilimwambia akapime. Akasema ng'ombe wanapaswa kuhamia malisho ya mbali kabla nyasi hazijaisha, na akilazwa yeye nani atawapeleka, watoto wake bado wanachunga ndama. Nilimwambia tena kesho yake. Siku ya tatu nilikuwa nimevishika vile vidonge vinne kiganjani, akaviangalia, akasema kwa Kimaasai, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Viwili vyako, viwili vyangu."

Hakuwa anaomba. Kwetu kitu kikiwa mkononi mwa mmoja na wawili wapo, kimeshagawanyika.

Usifikiri sikujua. Nesi alikuwa amesema vinne, na alinionyesha vidole vinne. Lakini nilikuwa nimeona aibu siku tatu nzima, nikimeza mbele ya mwenzangu anayekohoa na yeye hana kitu. Na mimi ni mtu wa Neno. Nikakumbuka ile mikate michache na samaki, na umati ule ulivyokula ukashiba. Nikafumba macho nikaomba Mungu afanye viwili vitoshe. Nikampa viwili. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri sana. Nilijiona mtu mwenye imani kubwa, na nilisubiri kwa hamu siku nitakayosimama mbele ya kanisa kuwasimulia muujiza.

Tulifanya hivyo kwa wiki tano. Siku za mwanzo Saning'o alikuja asubuhi moja na uso umemshuka, ameshika sindano ya kuchomea ng'ombe. Alikuwa amekojoa mwekundu. Aliamini amepata ule ugonjwa wa ng'ombe wa kukojoa damu, na alikuwa ameshakadiria dozi yake kwa kujilinganisha na ndama wa mwaka mmoja. Alitaka tu mimi ndiye nimchome, kwa sababu mkono wake haufiki vizuri. Nilicheka mpaka nikakohoa damu kidogo. Nilimweleza ni dawa tu, si ugonjwa. Ingetosha hapo kunifanya nifikirie, kwamba mwenzangu anatumia dawa asizozijua na yuko tayari kujichoma asichokijua. Sikufikiria. Nilikuwa nimeshampa Mungu kazi, nikawa nasubiri aimalize.

Kilo ziliongezeka mbili, halafu zikasimama. Jasho likarudi. Mwisho wa mwezi wa pili wa dawa, ambao ulikuwa mwisho wa kiangazi, kila kitu kimekauka na ng'ombe wametoka mbavu, nilikwenda hospitali kutoa makohozi. Saning'o alinisindikiza. Tulikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi jua lilipopita kichwani. Yeye alikohoa mara nyingi kuliko mimi.

Nesi Paulina alituita wote wawili. Akasema wadudu bado wapo. Akaniuliza kama nameza vyote, nikasema ndiyo. Mimi, mwinjilisti, nilimwangalia machoni nikasema ndiyo. Akachukua maganda matupu ya dawa, akayahesabu, yalikuwa sawa. Akamtazama Saning'o anavyokohoa kwenye mkunjo wa shuka yake. Kisha akamwuliza, kana kwamba anauliza habari za mvua, mkojo wake una rangi gani.

"Mimi nakojoa nyekundu, kama yeye," Saning'o alijibu kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Lakini mwinjilisti amesema si ile ya ng'ombe."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nesi aliweka maganda mezani taratibu.

"Babu zenu waliiba ng'ombe wa babu zangu," akasema, "tukawasamehe. Wewe leo unaniibia dawa?"

Ni utani wa Wairaqw na sisi, na siku nyingine ningemjibu. Siku ile hakuna aliyecheka, hata yeye. Nilimweleza yote. Nilieleza na ile sala, nikidhani angalau hapo ataona nia yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye mwenyewe ni muumini, anaimba kwaya.

"Hukumwamini Mungu," akasema. "Ulimpangia zamu."

Kisha akaeleza kwa ufupi. Dawa nusu haiui wadudu nusu, inawafundisha. Kama wa kwangu wameshaizoea, nitapelekwa hospitali ya mbali sana, kwa dawa nyingine nzito, kwa muda ambao hakutaka kuutaja. Na huenda zisifanye kazi. Na kama nimewazoesha wa Saning'o pia, basi ni wawili. Makohozi yetu yangesafirishwa kwenda kupimwa kipimo kikubwa, tungesubiri. Na mke na mtoto waletwe wapimwe.

Njia ya kurudi nyumbani nilimwambia Saning'o huenda nimemuua. Akasema miguu yake inatembea vizuri tu.

Namnyak nilimwambia nje, uani, nimesimama mbali naye na barakoa yangu. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile. Hakupaza sauti. Alikuwa amembeba Nashipai mgongoni.

"Mmegawana wewe na mwenzako," alisema. "Mimi na mtoto mlitutengea nini?"

Aliingia kwa mama yangu akafunga mlango. Hicho ndicho kitu pekee kilichowapatanisha wale wanawake wawili: wote walikuwa na hasira na mimi. Kuanzia siku ile walisalimiana.

Tulisubiri majibu siku kumi na saba. Kama na wewe unasubiri sasa, nataka nikwambie ukweli wa siku zile, si kile ambacho ningekihubiri. Wiki ya kwanza sikuweza kusali. Kila nilipoanza, nilijisikia nikianza kupanga tena: Bwana, fanya hivi, anza na hili, kwa sababu hii. Kama tajiri anayempa mchungaji wa mifugo maagizo. Niliona kwamba ndivyo nilivyosali maisha yangu yote. Nilikuwa nikisema Mungu anatawala, na nikimletea orodha ya namna ya kutawala. Nilipohubiria wafiwa, nilikuwa nawaahidi mwisho mzuri nilioutunga mimi, halafu naweka jina lake chini yake.

Wiki ya pili nilichoka kupanga. Nilikaa mbele ya lile tundu la Namnyak, jua limenipiga magotini, nikasema tu, mimi hapa, Saning'o yule pale, mtoto yule pale. Sikuongeza kitu. Sikupata maono, wala sauti. Lakini nililala mchana ule usingizi mzuri, na nilipoamka bado nilikuwa naogopa ila sikuwa peke yangu na hofu yangu. Kila siku nilisema maneno yaleyale. Niliogopa hadi mwisho. Asikudanganye mtu kwamba kuamini kunamaliza kuogopa.

Nesi Paulina alimtuma mtu wa pikipiki atuite. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, njia ina utelezi, tukafika tumelowa. Nashipai na mama yake walikuwa salama; mtoto angepewa dawa za kinga. Wadudu wangu hawakuwa wameizoea dawa. Ningeanza upya, siku ya kwanza, kama sijawahi kumeza kitu. Saning'o alikuwa na kifua kikuu, na wa kwake pia walikuwa hawajaizoea. Nesi alisema hajui kwa nini, kwa wiki tano zile ilistahili kuwa vibaya zaidi. Akasema na nisije nikalifanyia hubiri kwamba mchezo ule unaruhusiwa. Nimelisema hapa kama alivyosema.

Saning'o alipimwa uzito akapewa dozi yake. Vidonge vitatu, kwa kuwa alikuwa amekonda kuliko mimi. Alilalamika njia nzima kwamba mimi nina vinne.

Basi hivi ndivyo tulivyofanya, na ndicho ninachotaka ukichukue kama una mwenzako anayekohoa. Ndugu zake walichukua ng'ombe wake, jambo alilosema haliwezekani, nalo likawezekana kwa siku moja ya kikao. Kila asubuhi alikuja na vyake, mimi na vyangu. Tulikaa uso kwa uso, kila mmoja anamhesabia mwenzake kwa sauti, halafu tunameza kwa pamoja. Hakuna aliyemeza peke yake. Nesi Paulina aliposikia alisema angejua desturi yetu tangu mwanzo angetupima wote wawili siku ya kwanza, na sasa Mmaasai akija kuanza dawa humwuliza kwanza anakula na nani.

Vuli ilipita tukiwa kwenye dawa za miezi miwili ya kwanza, na mwanzo wa mwaka tukahamia zile za miezi minne. Nashipai alirudi kulala nyumbani mwezi wa pili. Usiku wa kwanza alikataa kabisa kunisogelea, alikuwa amezoea kunipenda kupitia ukutani. Namnyak alichukua muda mrefu zaidi. Hakuniambia amenisamehe. Siku moja tu aliniwekea uji na akakaa akiniangalia nikinywa, bila kumsubiri Saning'o afike, nami nikaunywa wote.

Pafu langu la kulia lina kovu ambalo halitatoka. Siwezi tena kupandisha wimbo, na nahubiri nimekaa kwenye kiti. Wazee wanasema nimekuwa mfupi wa maneno na wanaonekana kushukuru.

Mwezi wa tano, masika yakielekea kwisha, mimi nilipewa jibu la mwisho kwamba nimepona. La Saning'o lilichelewa wiki moja. Alikuwa bado mwembamba na bado ana kikohozi cha asubuhi, na Nesi Paulina alikuwa hajapenda sauti ya kifua chake. Wiki ile nilirudi kuwa mtu wa zamani. Nilimpangia Mungu kila kitu, kisha nikatubu, kisha nikapanga tena.

Siku ya jibu kulikuwa na watu wengi, wengine wamevaa barakoa mpya kabisa, wamekaa kwa kuachiana nafasi. Nesi alikuwa na mgonjwa ndani, akampitishia Saning'o kadi yake dirishani na kurudi kazini. Saning'o, asiyejua kusoma, akanipa mimi. Nikasoma. Machozi yakaanza kunitoka mbele ya watu wote wale, siwezi kusema neno, nimeishika kadi kwa mikono miwili.

Saning'o alinitazama usoni. Halafu akakaa karibu yangu, akaweka fimbo yake magotini, akasema kwa Kimaasai, polepole, kama anayemtuliza ndama:

"Usilie. Ng'ombe nilionao ni wa Engai, na mimi ni wake. Mwenyewe akija kuchukua kilicho chake, hatutamwuliza amechelewa wala amewahi. Wewe waangalie tu wanangu."

Alikuwa anamaanisha. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Miaka sita nilihubiri jambo hilo na sikuwahi kulisema kutoka moyoni, na huyu mtu ambaye sikuwahi kumbatiza alilisema akiamini nimeshika hukumu yake ya kifo.

"Umepona," nikamwambia kwa Kimaasai. "Ndiyo imeandikwa. Umepona."

Hakurukaruka. Aliichukua kadi, akaigeuza, akaitazama upande ule na huu, akanirudishia. Akaniambia nisome tena, na safari hii nisome kwa Kiswahili na kwa sauti, ili na wale waliokaa kwenye benchi wasikie.